Kupanga Upya Makongamano ya Wataalamu: Yanayoonekana Ukingoni mwa Ziwa

Kongamano la kitaaluma ni mkutano wa siku chache ambapo watu wa fani moja huwasilisha matokeo ya kazi zao, hukosoana, hujifunza mbinu mpya na kufahamiana. Chama cha wahandisi, wahasibu, mawakili, madaktari au watafiti wa samaki kwa kawaida huanza na kongamano moja kwa mwaka. Miaka inavyopita huongezwa semina ya vijana wa fani, kongamano la wanawake, warsha za matawi, maonyesho ya vifaa, mkutano wa mada maalumu na mwingine wa pamoja na wenzao wa nchi jirani. Hatimaye chama hujikuta na mikutano mingi kuliko kinavyoweza kuiendesha vizuri. Kupanga upya makongamano ni kuikagua kalenda hiyo yote kwa pamoja na kuamua lipi libaki, lipi liunganishwe na jingine, lipi lisiwe la kila mwaka, lipi lihamishwe na lipi lifungwe.

Ukingo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya una mifano mizuri ya kazi hiyo. Kwa muda mrefu mikutano mikubwa ya Kenya imezoea Nairobi, Mombasa, Diani na Naivasha. Lakini mwaka 2015 Kisumu ilipokea Kongamano la Ugatuzi, mkutano wa serikali za kaunti, mwaka 2022 ikapokea Africities, mkutano wa miji na serikali za mitaa za bara zima, na mwaka 2025 Kongamano la Ugatuzi likarudi ziwani, safari hii Homa Bay. Waandalizi wa mikutano hiyo ni taasisi za magavana na mameya, si vyama vya taaluma kwa maana kamili, ila maswali waliyokabiliana nayo ndiyo yale yale yanayomkabili katibu wa chama chochote cha wataalamu: tukutane kila baada ya muda gani, wapi, kwa gharama ya nani, na kwa faida ipi?

Kazi nne za kongamano

Kongamano moja huweza kubeba kazi nne tofauti, na kosa la kwanza katika kupanga upya ni kuzichanganya.

Kazi ya kwanza ni mafunzo. Nchini Kenya, taaluma nyingi humtaka mwanachama aonyeshe kwamba anaendelea kujifunza ndipo leseni yake ihuishwe. Wakili, kwa mfano, anatakiwa kukusanya angalau alama tano za mafunzo endelevu kila mwaka. Wahandisi nao wana Bodi ya Wahandisi iliyoundwa kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, na mafunzo endelevu ni sehemu ya masharti yao. Kuhudhuria semina au kongamano lililoidhinishwa ni njia rahisi ya kupata alama hizo.

Kazi ya pili ni kuchuja na kusambaza utafiti. Mtafiti hutuma ikisiri au makala kamili, jopo la wapitiaji huisoma, na iliyokubaliwa huwasilishwa na kuchapishwa katika kumbukumbu za kongamano. Katika fani nyingi hatua hii ni maandalizi tu ya kuandika katika jarida. Katika sayansi ya kompyuta, mara nyingi makala ya kongamano yenyewe ndiyo chapisho la mwisho na hutazamwa mtu anapopandishwa cheo.

Kazi ya tatu ni mapato. Ada za washiriki, fedha za wadhamini na kodi ya vibanda vya maonyesho huacha ziada inayolipa mishahara ya sekretarieti mwaka mzima.

Kazi ya nne ni mahusiano na sauti ya pamoja. Wanachama hukutana na waajiri, wazee wa fani huwashika mkono vijana, na maazimio ya mwisho hupelekwa serikalini.

Semina ya mafunzo haihitaji ukumbi wa watu 1,000. Upitiaji wa makala hauhitaji hoteli ya ufukweni. Kujuana, kwa upande mwingine, ni vigumu kufanyika vizuri kupitia skrini. Chama kikishajua kila mkutano wake unafanya kazi ipi kati ya hizo nne, nusu ya maamuzi huwa yameshajitokeza.

Kalenda inavyofurika

Makongamano huongezeka kwa sababu kila mtu anayeanzisha jipya ana hoja nzuri. Tawi linataka kusikika. Kamati ya mada mpya inataka jukwaa lake. Mdhamini anaahidi kulipia mwaka wa kwanza. Alama za mafunzo nazo huvutia: kila mkutano mpya ni alama za kuuza, na mwajiri ndiye mara nyingi anayelipa. Hakuna kamati inayoundwa kwa ajili ya kufunga mkutano, kwa hiyo orodha hurefuka bila kupunguzwa.

Mfano unaojulikana duniani ni wa USENIX, chama cha Marekani cha watu wa mifumo ya kompyuta kilichoanzishwa mwaka 1975. Kongamano lake kuu la kiufundi lilikuwa la mada zote. Taratibu chama kikazalisha makongamano ya mada maalumu: OSDI la mifumo endeshi mwaka 1994, FAST la uhifadhi wa data mwaka 2002, NSDI la mitandao mwaka 2004, na mengine ya usalama. Kila moja lilifanikiwa, na kila moja lilichukua sehemu ya watafiti ambao zamani wangepeleka makala zao kwenye kongamano kuu. Mwaka 2025 chama kilitangaza kwamba kongamano hilo kuu lingefanyika mwaka huo kwa mara ya mwisho. Kabla ya hapo, mwaka 2021, kilikuwa kimelifunga LISA, kongamano la wasimamizi wa mifumo lililoanza mwaka 1987, baada ya kazi hiyo yenyewe kubadilika na watu wake wengi kuhamia SREcon, kongamano jingine la chama hicho lililoanzishwa mwaka 2014. Kongamano linaweza kufa si kwa sababu lilikuwa baya, bali kwa sababu watoto wake wameirithi kazi yake.

Hesabu ya kugawanya watu

Mhazini wa chama huona tatizo mapema kuliko wengine. Mfano wa kubuni unaonyesha sababu. Tuseme gharama zisizobadilika za kongamano la siku tatu, yaani ukumbi, vyombo vya sauti, usafiri wa wazungumzaji wakuu, uchapishaji na sekretarieti, ni shilingi 3,000,000. Kila mshiriki analipa ada ya shilingi 20,000, na chakula na vifaa vyake vinagharimu shilingi 15,000. Kila mtu basi anaacha shilingi 5,000 za kulipia gharama zile kubwa. Inahitajika watu 600 ili kongamano lisipate hasara wala faida.

Chama hicho kikiwa na watu 900 wanaohudhuria, kongamano moja litaacha ziada ya shilingi 1,500,000. Kikifanya makongamano mawili yanayolingana, na watu wale wale 900 wakagawanyika nusu kwa nusu, kila kongamano litapata watu 450 na hasara ya shilingi 750,000. Ziada ya shilingi milioni moja na nusu imegeuka hasara ya kiasi hicho hicho, ingawa hakuna mwanachama aliyepotea. Ndipo ada inapopandishwa, na watu wa mifuko midogo, yaani wanafunzi, maafisa wa kaunti na wale waliojiajiri, huanza kukosekana.

Hesabu hiyo ina upande mwingine usioonekana vitabuni mwa chama: safari ya mshiriki. Mhandisi wa maji wa Homa Bay anayekwenda kongamanoni Diani kwa njia ya nchi kavu hupanda basi hadi Nairobi, hulala au husubiri treni ya Mombasa, huvuka kivuko cha Likoni, kisha hutafuta matatu ya kusini. Mkutano wa siku tatu humla karibu siku saba, pamoja na posho na malazi ya njiani. Mwenzake wa Mombasa humaliza safari hiyo asubuhi moja. Chama kinachokutana pwani kila mwaka kinatoza ada moja kwa wote, lakini kwa hakika kina bei mbili.

Kurefusha muda kati ya mikutano

Njia rahisi kuliko zote za kupunguza mzigo ni kuacha kukutana kila mwaka. Kongamano la Ugatuzi linaonyesha hatua hiyo. Lilianza Kwale mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya serikali za kaunti kuanza kazi, likaenda Kisumu mwaka 2015, Meru mwaka 2016, Naivasha mwaka 2017, Kakamega mwaka 2018 na Kirinyaga mwaka 2019. Makueni ilikuwa ilipokee la mwaka 2020, janga la korona likalisogeza hadi mwaka 2021. Baada ya hapo lilifanyika Eldoret mwaka 2023 na Homa Bay mwezi Agosti 2025. Mkutano wa kila mwaka umekuwa wa kila baada ya miaka miwili.

Muda mrefu zaidi una faida. Maazimio hupata nafasi ya kutekelezwa kabla ya kuandikwa mengine, mji mwenyeji hupata muda wa kujiandaa, na wadhamini hawaombwi kila msimu. Hasara zake ni kwamba mtafiti kijana akikosa mwaka mmoja husubiri miwili, na kamati ya maandalizi husahau ujuzi wake. Chama kinachorefusha muda hulazimika basi kuweka kitu chepesi katikati, kama vile semina za matawi au mikutano ya mtandaoni, na kuandika taratibu za maandalizi ili kamati mpya isianze kila kitu upya.

Fani nazo hazina mwendo mmoja. Matokeo ya utafiti wa kompyuta huchakaa haraka, hivyo OSDI, lililokuwa la kila baada ya miaka miwili, lilifanywa la kila mwaka kuanzia 2021. Utafiti wa ziwa hutegemea misimu ya mvua na miaka ya kukusanya sampuli, ndiyo maana Kongamano la Maziwa Duniani, lililoanzia Japani mwaka 1984, kwa kawaida limekutana kila baada ya miaka miwili hivi.

Zamu ya miji

Mahali pa kukutania ni sehemu ya muundo wenyewe. Africities, inayoandaliwa na umoja wa miji na serikali za mitaa za Afrika wenye makao Rabat, ilianza Abidjan mwaka 1998 na hufanyika takriban kila miaka mitatu. Ilipita Windhoek, Yaoundé, Nairobi, Marrakech, Dakar na Johannesburg, miji mikuu au miji mikubwa inayojulikana kwa wageni. Ile ya tisa ilifanyika Kisumu tarehe 17 hadi 21 Mei 2022, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mji wa ukubwa wa wastani kuwa mwenyeji. Mada yake kuu ilihusu nafasi ya miji ya namna hiyo hiyo katika maendeleo ya bara. Waandalizi walichagua mji uliokuwa mfano hai wa mjadala wao.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama zake. Uwanja na kumbi vilihitajika Mamboleo, pembeni mwa mji, mahali palipojulikana zaidi kwa maonyesho ya kilimo. Vitanda vya hoteli havikutosha wageni wote, na wenyeji wakahimizwa kutayarisha nyumba zao kupokea wageni. Utaratibu kama huo ulirudiwa Homa Bay mwaka 2025, mji mdogo zaidi, ulio takriban kilomita 100 kwa barabara kutoka Kisumu. Pale mkutano uliwekwa katika Shule ya Upili ya Homa Bay, wanafunzi wakiwa likizoni mwezi Agosti, kama ule wa Kisumu mwaka 2015 ulivyowekwa katika Chuo cha Wafanyakazi cha Tom Mboya. Shule au chuo kina viwanja, majiko makubwa na kumbi, mambo ambayo hoteli za mji mdogo hazina.

Chama cha wataalamu kinaweza kuiga hesabu hiyo kwa kiwango chake. Kongamano la watu 300 linaweza kutoshea Maseno au Bondo, kwenye vyuo vikuu vyenye kumbi za mihadhara na mabweni yaliyo tupu wakati wa likizo. Ada hushuka, wanafunzi huhudhuria kwa miguu, na mji hupata wateja wa chakula na usafiri. Kinachotakiwa ni kuamua mapema, kwa sababu mabweni hufuata kalenda ya masomo na hayapatikani kwa notisi ya miezi mitatu.

Zamu nayo isiwe ya kugawana heshima tu. Mji ukipewa kongamano kwa kuwa ni zamu yake, bila kupimwa uwezo wa umeme, maji, intaneti na usafiri, chama hulipa tofauti hiyo kwa fedha na kwa jina lake. Miongozo mizuri huweka vigezo vya chini kwanza, kisha hugawa zamu miongoni mwa miji iliyovitimiza.

Kuunganisha bila kumeza

Mahali ambapo haja ya kuunganisha huonekana wazi ni katika elimu ya ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Kenya ina asilimia 6 hivi. Sehemu nyingine ni ya Tanzania na Uganda. Mtafiti wa Kisumu anayechunguza magugu maji au samaki kama mbuta na omena hawezi kukamilisha kazi bila data za wenzake wa Mwanza na Jinja. Kwa sababu hiyo taasisi zenye haki ya kuitisha mikutano ni nyingi. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, liliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu tarehe 30 Juni 1994. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao Kisumu. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo mjini humo. Juu yao kuna mikutano ya dunia: Kongamano la 11 la Maziwa Duniani lilifanyika Nairobi mwaka 2005, na mwezi Mei 2017 kongamano la maziwa makuu ya Afrika lilifanyika Entebbe.

Watafiti wanaoalikwa katika mikutano hiyo ni wale wale. Mtu mmoja anaweza kuandika muhtasari mmoja kwa namna tatu, kusafiri mara tatu, na kukaa na kundi moja la wasikilizaji. Mshika mbili moja humponyoka: muda wa kukusanya sampuli ndio unaopotea.

Kuunganisha kuna madaraja matatu. La kwanza ni kupatanisha tarehe tu, ili mikutano miwili isigongane na tarehe ya mwisho ya kutuma makala isiwe moja. La pili ni kukutana mahali pamoja katika wiki moja, kila mkutano ukibaki na jina, mwenyekiti na programu yake, huku ukumbi, maonyesho na usafiri vikitumiwa kwa pamoja. La tatu ni kuunganisha kabisa, chini ya jina moja na kamati moja ya upitiaji. Daraja la pili mara nyingi ndilo lenye mafanikio, kwa kuwa linaokoa fedha bila kunyang'anya mtu jukwaa lake. Likifanywa mara mbili na watu wakaanza kuhudhuria vikao vya upande wa pili kwa hiari yao, daraja la tatu huwa limejitengeneza.

Hatari ya kuunganisha ni fani kubwa kuimeza ndogo. Katika kongamano la pamoja la uvuvi na maji, watafiti wachache wa konokono au wa mimea ya majini wanaweza kupewa kikao kimoja, saa kumi jioni ya siku ya mwisho. Kinga yake ni kuwatengea idadi maalumu ya vikao na kiti katika kamati ya programu.

Kufunga kwa heshima

Baadhi ya makongamano yanafaa kufungwa. Dalili zake zinajulikana: makala zinazotumwa zinapungua miaka mitatu mfululizo, tarehe ya mwisho inasogezwa kila mwaka, wazungumzaji ni wale wale, na wengi wa washiriki ni waandalizi wenyewe au watu waliofuata alama za leseni. Chama kinachosubiri hadi hasara iwe kubwa hufunga kwa fedheha. Kinachotangaza mapema kikao cha mwisho hupata nafasi ya kuwatunuku walioliendesha na kuhamisha kilicho hai kwenda kwingine.

Jambo la kwanza la kuhamisha ni kumbukumbu. Makala za mikutano ya zamani kuhusu ziwa ni data zisizoweza kukusanywa tena: kiasi cha samaki kabla na baada ya mbuta kuenea, au kina cha maji kabla ya magugu kuingia Ghuba ya Winam. USENIX iliziweka makala zake wazi mtandaoni kwa kila mtu tangu mwaka 2008, hivyo kufungwa kwa mkutano hakukufunga maktaba yake. Chama kisicho na hazina kama hiyo kinaweza kuweka nakala katika maktaba ya chuo kikuu. Jambo la pili ni tuzo na misaada ya wanafunzi, ambayo hupewa kongamano jingine kwa maandishi, si kwa ahadi.

Mpangilio wa utekelezaji

Kazi huanza kwa takwimu. Kwa kila mkutano wa miaka mitano iliyopita sekretarieti hukusanya idadi ya makala zilizotumwa na kukubaliwa, washiriki waliolipa wenyewe na waliolipiwa, kaunti walizotoka, waliohudhuria kwa mara ya kwanza, mapato na matumizi. Kisha kamati isiyo na wenyeviti wa makongamano yanayopimwa hupendekeza vigezo, na vigezo hupitishwa na mkutano mkuu kabla ya majina ya makongamano kutajwa. Mpangilio huu hupunguza ugomvi, maana watu hukubaliana juu ya kipimo wakati hawajui nani atapimwa kuwa mwepesi.

Hufuata mikataba. Hoteli na kumbi huwekewa amana mwaka mmoja au miwili mbele, na mkataba mara nyingi humtaka mwandalizi alipie vyumba vya kiwango fulani hata vikikaa vitupu. Mabadiliko yanayotangazwa bila kusoma mikataba hiyo hugharimu zaidi ya yalivyokusudiwa kuokoa. Kwa kawaida muundo mpya huanza mwaka wa pili au wa tatu baada ya uamuzi.

Mafunzo ya leseni hutengwa na kongamano kuu na kupelekwa katika semina fupi za matawi na za mtandaoni, ili mwanachama wa Siaya au Migori apate alama bila kulala hotelini. Hapo ada ya semina lazima iendane na gharama yake ndogo. Chama kinachotoza semina ya mtandaoni bei ya ukumbi hupoteza wanachama haraka kuliko kinavyopata fedha.

Mwisho, muundo mpya hupewa mizunguko miwili kisha hupimwa kwa takwimu zile zile za mwanzo. Ziada ikiongezeka huku waliohudhuria kwa mara ya kwanza wakipungua, chama kimeokoa fedha na kupoteza kizazi. Washiriki wakiongezeka kutoka mji mwenyeji pekee, zamu imesogeza mkutano bila kuupanua. Makongamano yakipungua na makala zikaongezeka ubora, kaunti zinazowakilishwa zikawa nyingi zaidi na mhazini akalala usingizi, mpango umefanya kazi yake, na ukaguzi unaofuata unaweza kusubiri miaka mitano mingine.